Dakika Kumi Ulizoniomba

Ni mwaka mzima leo, mke wangu, tangu tukuzike, na bado nikichelewa kurudi nyumbani natunga visingizio njiani.

Kazi yako ilikuwa kupima vipokezi vinavyochukua saa kutoka kwenye setilaiti, ili mitambo ya simu na ya benki itumie saa ileile. Wengi hawakuielewa. Mimi nilijifanya naielewa. Nilichojua ni kwamba ulikuwa na kipokezi kimoja cha mfano, ulikizungusha kituo hadi kituo kulinganisha vingine nacho, na garini kilikaa kiti cha mbele, kimefungwa mkanda. Wewe ulibanwa nyuma na watoto, unacheka.

Ulikuwa mkali kwa namba na laini kwa watu. Mafundi wapya uliwafundisha kupima kebo ya antena kwa mikono yao, wasiamini karatasi. Aliyekosea hukumwaibisha. Ulimwambia, "Haya mwanangu, twende tena."

Sasa niseme nililolificha. Niliwaambia ndugu zako kwamba ulianguka ghafla kazini. Haikuwa ghafla. Siku ile tulikuwa tunarudi kutoka safari ya vituo vinne, na kifua kilikubana tangu asubuhi. Tulipofika njia ya hospitali niliwasha taa ya kukata kona.

"Baba, nyoosha," ukasema. "Nikikilaza kipokezi hadi kesho hatutajua kama saa yake imeyumba njiani au stoo, na kazi ya vituo vyote vinne imekwenda na maji. Dakika kumi tu nikiunge na saa yetu kuu ofisini, kisha nipeleke unakotaka."

Nikanyoosha. Sikuwahi kukushinda kwa maneno.

Nilikaa garini dakika arobaini kabla ya kupanda kukufuata. Ulikuwa umekaa sakafuni, mgongo ukutani, kebo zote zimeungwa. Daktari alisema tumechelewa. Kipokezi hakikuwa kimeyumba hata kidogo. Cheti cha kipimo hicho, chenye jina lako, kimo kabatini, na siwezi kukitazama.

Nisamehe, mke wangu. Ningekata kona, ungenuna wiki nzima, na ungekuwepo.

Mama yako aliusoma ujumbe huu jana. Hakulia, wala hakunigombeza. Aliomba tu asiandikwe mstari mmoja nami.

Tunaokukumbuka ni watoto wetu wawili, dada yako, wafanyakazi wenzako, na mimi mumeo. Hutatutoka moyoni kamwe.

Anakukumbuka pia mama yako mzazi.