Matairi Niliyomchagulia Nekesa

Jumamosi, Julai. Baridi kavu tangu asubuhi. Jua limekataa kutoka, mvua nayo haipo, na vumbi la mtaa wetu wa Mbotela limelala chini kama limechoka. Ni ile baridi ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Vidole vyangu vinaandika polepole kwenye hii simu, mnivumilie.

Leo nimeaibika, na bado moyo wangu umejaa. Acha nieleze.

Kwa wale wageni hapa, mimi ni mama yake Nekesa. Wale wa zamani mnajua. Nimeandika juu yake mpaka jirani mmoja akaniuliza kama sina watoto wengine. Ninao wawili, wavulana, wako salama na wanakula vizuri. Lakini Nekesa ndiye anayeendesha gari kwenye mashindano, sasa mnataka niandike nini?

Mashindano yenyewe ni ya kupanda mlima. Barabara inafungwa, gari moja moja linapanda likishindana na saa, na anayefika juu kwa muda mfupi ndiye mshindi. Mwaka jana Nekesa alikuwa wa pili, nyuma ya bwana mmoja mwenye gari la bei ya nyumba. La kwake ni kale kadogo keupe ambako mafundi wawili walikakatia tamaa, akakafufua mwenyewe jioni jioni baada ya kazi. Kesho Jumapili anapanda tena. Amengoja mwaka mzima.

Wa pili. Msichana aliyelelewa kwa akala.

Ndiyo, akala, zile ndala za mpira wa tairi. Ndiyo ilikuwa kazi yetu ya pembeni, mimi na baba yake, Mungu amlaze pema. Yeye alifanya kazi karakana ya reli, tukikaa nyumba za reli kule Makongeni. Akitoka kazini alipita kwa wauza matairi makuukuu, kisha unamwona anakuja akiviringisha moja mbele yake, kofia upande, akisalimia watu kama mtu anayerudi na ng'ombe wake kutoka malishoni. Benchi letu lilikuwa nje ya mlango. Yeye anakata, mimi nakimwagia kisu maji, kwa sababu kisu kikavu hakipiti kwenye mpira, kinang'ang'ana. Halafu napiga misumari na kufunga mikanda. Nekesa alikuwa akilala ndani ya tairi la lori, nimemtandikia leso, upepo haumfikii. Watoto wa wengine walikuwa na vitanda. Wangu alikuwa na gurudumu.

Siku hizi matairi yana waya ndani, kisu hakiwezi. Lakini yale ya zamani tuliyajua kama majina ya watoto.

Julai kama hii tuliteseka. Mpira wa asubuhi ya baridi ni jiwe. Tuliyaegemeza matairi ukutani yangoje jua, na jua lenyewe ni hili la kubembelezwa. Baba Nekesa alikuwa na mtindo wake. Anabonyeza tairi kwa ukucha wa kidole gumba, kisha anasema, "Hili litamfikisha mtu Kitale kwa miguu na kumrudisha." Lile lililokataa ukucha ndilo lilikuwa zuri. Lile laini tuliliweka kando tukilitukana, maana akala yake inaisha haraka na mteja anarudi nayo mkononi, majirani wa plot nzima wakiangalia. Mpaka leo nikipita karibu na gari lililosimama, kidole changu gumba kinawasha. Nimeshafukuzwa na walinzi wawili.

Basi wiki iliyopita Nekesa akasema matairi ya gari yamekwisha. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilikuwa imefika. Nikamwambia, hiyo niachie.

"Mathe, hizi ni za kukimbia, wacha twende pamoja nikuonyeshe."

Nikamwambia nilijua tairi kabla yeye hajajua kutembea. Akaniandikia saizi kwenye karatasi, akanipa. Nilidhani amekubali.

Hassan anauza matairi karibu na Jogoo Road. Ni mtu wa heshima, baba yake ndiye aliyekuwa akituuzia makuukuu. Nilizunguka duka lake nikibonyeza moja moja kama mtu anayechagua parachichi, mpaka nikapata ambalo ukucha ulirudi bila kuacha alama. Hassan akakohoa.

"Mama Nekesa, hayo ni ya teksi. Ya mtu wa kwenda Mombasa na kurudi kila wiki. Gari la Nekesa linataka kitu laini."

"Hassan, nimekata matairi wewe hujaota meno."

"Hiyo ni kweli, mama."

"Sasa hili litaisha lini?"

"Hili? Hili litatuzika sisi wote."

"Basi nitolee manne."

Nikayaleta kwa tuktuk. Dereva alitaka kupita njia ya mkato, nikamkataza. Nilitaka tupite mbele ya kanisa, kwa sababu ilikuwa saa ya kwaya kutoka mazoezini. Nikashuka. Nikawaambia ni mimi niliyechagua, kwa kidole hiki. Nikawaambia Jumapili wasijisumbue kumwombea Nekesa, wawaombee wale wengine.

Nekesa aliyaangalia kwa muda. Akanikumbatia. Akasema, "Asante, Mathe. Ni mazuri sana." Kesho yake yalikuwa yamefungwa yote manne, na mimi nikatoka mara tatu kwenda kuyatazama.

Leo asubuhi nilimpelekea chai nje. Nilimkuta amechuchumaa kando ya gari, kiganja juu ya tairi, ametulia vile mama anavyomshika mtoto mwenye homa. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna. Akapokea chai.

Nami kwa ule ugonjwa wangu wa kidole gumba nikainama, nikabonyeza. Baridi. Gumu kama sakafu ya stoo. Kwa mazoea nikafurahi kwanza. Halafu sijui ni nini, labda ni ule mkono wake aliokuwa ameuweka pale, nikamkumbuka mteja mmoja ambaye sijamfikiria kwa miaka mingi.

Alikuwa mchinjaji wa mbuzi kule Kiamaiko, mrefu, mwingi wa utani. Yeye peke yake ndiye aliyechagua kwenye lile rundo la kando, la matairi laini tuliyoyatukana. Baba Nekesa alimhurumia. "Ndugu yangu, hizo zitaisha kabla ya Krismasi."

"Wacha ziishe," akasema. "Mbuzi akiruka na mimi nimemshika, akala yako ngumu inaniacha mimi chini, na mbuzi utamkuta mtaa wa Huruma. Hii laini inashika sakafu."

Tulicheka sana. Kila baada ya miezi michache alirudi kununua nyingine, bila kulalamika hata siku moja. Tulimwita mteja mjinga.

Nikasimama pale na kikombe changu. Gari likipinda kona kwa kasi si ndilo lile lile, mtu na mbuzi anayeruka? Nilikuwa nimemnunulia mwanangu viatu vya kutoisha, kwenda mahali ambapo alihitaji viatu vya kutoanguka.

Kulisema halikuwa jambo rahisi. Nilizunguka gari mara mbili nikijifanya naangalia taa. Kwaya nzima inajua. Na mimi si mtu wa kusema nimekosea, hata marehemu angewaambia. Lakini mlima ule una kona kali, na bonde upande mmoja.

"Nekesa, matairi haya hayafai. Nimekosea."

Akatazama ndani ya chai. "Mathe, ziko tu sawa."

"Usinidanganye, nimekuzaa."

Akacheka, halafu macho yakamjaa, akajifanya ni mvuke wa chai.

Tukaenda kwa Hassan kabla joto halijapanda, kama lingepanda. Hassan hakucheka, au alicheka nusu. Akatoa aina mbili, akaziweka chini.

Ya kwanza ni ya mashindano kabisa, meno machache, karibu kipara. Niliona Nekesa ameipenda. Rafiki yake aliitumia Februari wakati wa joto, na gari likashika lami kama limegundishwa. Nikabonyeza. Ukucha ukateleza.

"Hili limelala," nikasema.

Nekesa akakubali. Akanieleza kwamba matairi ya aina hiyo mpaka yapate moto ndipo yalainike, na moto huo unakuja ukiyakimbiza kwa muda. Kwenye uwanja wa kuzunguka na kuzunguka hakuna shida. Lakini mlima wa kesho unaanza asubuhi, lami ikiwa baridi, na unaisha kabla tairi halijaamka.

Ya pili ilikuwa na meno zaidi, mabega mapana, ya mtu anayependa mwendo lakini kwa barabara ya kawaida. Nikabonyeza, ukucha ukaingia na kuacha alama ndogo kama mwezi mchanga. Kwa baridi hiyo hiyo. Nekesa akaweka kidole chake kando ya changu. Kisha akasoma ile namba ya ubavuni inayoonyesha tairi litaishi kiasi gani. Ikiwa kubwa mpira ni mgumu, ikiwa ndogo ni laini. Ya yale yangu ya teksi ilikuwa kubwa sana. Hii ilikuwa katikati, ikielekea chini.

"Kesho hakuna mvua," akasema, kama anaongea na tairi lenyewe. "Mvua ingekuwepo ningefikiria mara mbili kuhusu meno. Kwa kukauka hivi, ni haya."

Alichagua yeye. Naandika hivyo ili watu wa kwaya wasome.

Nekesa alipokwenda nyuma kuchukua kipimo cha upepo, Hassan akanisogelea, spana mkononi.

"Mama, sipaswi kukuambia hili. Alikuja hapa Alhamisi. Nikamwambia alete gari nimbadilishie, wewe hutajua, kwa macho yanafanana. Akakataa. Alisema utajua tu, na utaumia. Alisema kesho atapunguza mwendo kwenye kila kona, hata akiwa wa mwisho si kitu, kuna mwaka mwingine."

Nilijifanya naangalia barabara.

Sasa ni jioni, amelala mapema, gari liko nje na viatu vyake vipya. Mimi nimekaa hapa na jambo moja halinitoki. Mwaka mzima amengoja mlima huu. Na alikuwa tayari kuupanda kama anayesindikiza mazishi, ili tu mama yake asichekwe na kwaya.

Nikaanza kuhesabu mengine. Baba yake alipotuacha, Nekesa alihama chumba chake kule Donholm akarudi kukaa nami. Aliniambia majirani wa kule wana kelele, nikaamini. Kuna ile kazi ya Kisumu aliyosema haikuwa nzuri sana. Kuna Jumapili zote tunazokwenda kanisani kwa miguu, yeye kando yangu, hatua fupi fupi kwa ajili ya goti langu, na anaongea hadithi ndefu ili nisione kwamba tumechelewa.

Mimi huku nikiwaambia watu kwamba ni mimi ninayemsukuma.

Ni mara ngapi mtoto huyu amepunguza mwendo kwa ajili yangu, nami nikadhani ndiyo kasi yake?

Kesho nitakuwa kando ya barabara. Akipunguza, apunguze kwa sababu ya kona.