Kisicholalamikiwa Hakifunguliwi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila magoti yanamgombeza kila akipanda ngazi. Anauliza kama unakula au unashindia chai. Nimeandika kwa mkono, na binamu atakukabidhi leo hii, kwa sababu nina neno zito na kwenye simu ningelia kabla sijafika nusu.

Ile kazi niliyopata baada ya shule bado ninayo. Tuko sita katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, tunakagua matangazo ya soko la mtandaoni. Mteja akilalamika kwamba ameuziwa simu ya wizi au cheti bandia, sisi tunalifungua tangazo, tunaliacha au tunaliondoa. Ila kuna amri moja: kisicholalamikiwa hakifunguliwi. Mwanasheria wa kampuni alitueleza kwamba sheria haimgusi mwenye soko kwa asichokijua. Akishaambiwa akanyamaza, hapo kosa ni lake. Kwa hiyo, akasema, tusimtafutie bosi habari. Dada ninayekaa naye meza moja kazini akaninong'oneza kwamba basi sisi ndio walinzi wa kwanza duniani kulipwa ili tusinzie. Nilicheka hadi nikaona aibu.

Juzi nilikuwa nashughulikia lalamiko la viatu, chini yake yakajitokeza matangazo mengine. Moja lilikuwa la dawa ya kikohozi ya watoto, kwa bei ya kutupa. Kwenye picha niliona tarehe ya mwisho wa matumizi imefutwa ikagongwa upya, wino umechuruzika. Mama mmoja alikuwa ameandika hapo kwamba mwanawe anatapika tangu ainywe, je, ni kawaida? Muuzaji hakumjibu.

Nikaenda kwa msimamizi, yule tunayemwita Kobe kwa jinsi anavyozamisha kichwa kwenye kola jambo likiwa gumu. Unanijua, mimi darasani nilikuwa nabanwa na haja nikashindwa kuomba ruhusa. Safari hii nilimweleza. Akauliza kama kuna aliyelalamika. Nikasema yule mama ameuliza. Akasema kuuliza si kulalamika, na kwamba mimi sijaona, yeye hajasikia, niende nikanywe maji. Nilikunywa, nikarudi kuitazama ile picha.

Kaka, kampuni inaweza kusema haijui. Mimi nilijua, tena kuliko walivyodhani. Zile chupa zilipangwa juu ya kitambaa cha meza nilichokudarizia ulipohama nyumbani, chenye ndege aliyenitokea na miguu mitatu. Hakuna mwingine mwenye ndege huyo.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikatuma lalamiko kwa simu yangu kama mteja yeyote, kwa jina langu kamili. Sasa walikuwa wameambiwa, hawakuwa na pa kujificha. Tangazo limeondolewa, na taarifa za muuzaji zinapelekwa polisi. Mwanasheria aliniuliza kama namfahamu. Nikamwambia ni kaka yangu, tumbo moja.

Tangu utotoni wewe ndiye uliyenisemea, dukani, shuleni, hata kwa mama. Mara ya kwanza nimefungua mdomo mwenyewe, nimekusema wewe. Ukinichukia sitashangaa. Yule mama nimemwandikia asimpe mtoto tena, amwahishe hospitali, lakini bado hajanijibu. Na wapo wengine walionunua, kaka, na namba zao unazo wewe peke yako. Wapigie sasa hivi, kabla hujamaliza kunikasirikia. Kisha chukua chupa zilizobaki uende polisi kwa miguu yako. Nitakuja tuongozane. Sina la kukusaidia kusema, ila nitakaa kwenye benchi lilelile utakalokaa wewe.

Mama sijamwambia. Anajua nakuandikia salamu tu, na amesema nisisahau kukwambia kwamba ametandika kitanda chako, uje hata leo.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba