Picha ya London Niliyomsomea Mjomba

Kibera, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Pokea salamu za binti yako. Goti linaendeleaje? Mjomba alisikia kwamba sasa unateremka mtoni ukishika fimbo, nami nikaona vibaya kwamba niko huku nimekaa kwenye dawati na wewe ndiye unabeba maji. Ng'ombe mweupe amezaa ama bado? Nyanya anakula? Sisi tuko wazima. Anti alilala na homa wiki nzima, lakini juzi alianza kunipigia kelele juu ya masufuria, kwa hivyo tukajua amepona. Mvua imeharibu njia. Nikienda shule nabeba viatu mkononi mpaka nifike kwa lami ndio navaa.

Mama, habari kubwa utakuwa umeijua hata kabla ya kusoma hapa, kwa sababu anayekuletea barua hii ni Mjomba mwenyewe, ndugu yako, na safari hii haji likizo. Kazi yake ya reli imekwisha. Atakueleza kwa njia yake, akicheka, na atakwambia ni mambo ya dizeli. Ni kweli ni mambo ya dizeli. Lakini kuna sehemu yeye haijui, ni mimi tu naijua, na mtu mwingine mmoja. Nimeanza barua hii mara tatu nikairarua. Unanijua. Hata mwalimu akiniuliza jina langu najibu nikiangalia viatu. Kwa karatasi angalau sioni uso wa mtu.

Unajua Mjomba alianza kazi ya faiaman kabla ya uhuru, na hakuwahi kuwa dereva kwa sababu mtihani wa udereva ni wa Kiingereza. Dereva anaendesha, lakini moto ni wa Mjomba. Yeye ndiye anafungulia mafuta mazito yaende kuwaka, ndiye anaangalia maji kwenye kile kioo, ndiye anaangalia rangi ya moshi. Husema dereva bila mvuke ni mzee tu amekaa juu ya chuma. Reli inapita hapa nyuma ya plot yetu, na injini yake ikiteremka kutoka Nakuru alikuwa anatoa kofia dirishani. Watoto wote wanapiga kelele, "Baba Awuor! Baba Awuor!" Anti anajifanya hajaona, lakini ndio anaweka maji ya kuoga kwa moto. Akiingia, nyumba yote inanuka injini.

Halafu dizeli zikaanza kuwa nyingi. Dizeli haina moto wa kuangaliwa, kwa hivyo haina faiaman. Watoto wa hapa wanasema inalia kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Mjomba alicheka hiyo mara ya kwanza. Baadaye hakucheka. Alikuwa anarudi kutoka stesheni na kukaa mlangoni bila kuvua buti, mpaka Anti anamwambia, "Wewe Odhiambo, umekuja ama bado uko njiani?"

Sasa sikiliza nilichofanya.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili kama leo, mwaka jana. Anti alinituma Kawangware kununua njugu. Wale mama wa njugu wana karatasi nzuri za kufungia, kwa sababu wanawake wanaofanya kazi kwa nyumba za wazungu huwauzia magazeti yakishasomwa. Nilifungua njugu nikiwa njiani, nile mbili tatu, nikaona picha. Ilikuwa stesheni kubwa ya London. Paa lake la vioo liko juu kuliko kanisa lolote nimeona, na chini yake injini nne za moshi zimesimama pamoja, mvuke umejaa mpaka watu wenye makoti na kofia wanaonekana nusu nusu. Injini ya mbele ina faiaman ameegemea dirisha, uso umejaa masizi, macho tu ndiyo meupe. Mama, alikuwa amekaa vile vile Mjomba hukaa. Nilimwaga njugu zote kwa leso, nikafuta mafuta ya karatasi na sketi yangu, nikakimbia nyumbani. Maandishi sikusoma. Niliona picha tu, nikafikiria atafurahi.

Na alifurahi! Aliishika kwa ncha za vidole.

"Okewo, mtoto wa dada yangu, hii umeitoa wapi?"

"Kawangware. Ni London, Mjomba."

"London! Mama Awuor, njoo uone. Kumbe kuna mzungu mweusi kunishinda."

"Hakuna mtu anakushinda weusi," Anti akajibu kutoka jikoni. "Na njugu zangu ziko wapi?"

"Wacha njugu. Okewo, hapa chini wameandika. Soma."

Nikasoma kwa Kiingereza kwanza, kwa sauti, kwa sababu anapenda kusikia vile shule imenifanya. Nilikuwa nasoma kama kasuku. Nilipofika katikati ndio maana ikaniingia. Ilisema hivi ndivyo stesheni za London zilikuwa miaka ya baada ya vita, wakati wa moshi. Ilisema injini hizo sasa hazipo tena, nyingi zimekatwakatwa zikauzwa kama chuma chakavu, na moto wake hautawashwa tena. Nikamaliza. Mjomba alikuwa ananitazama akitabasamu.

"Sasa sema kwa lugha ya watu."

Nikasema, "Wanasema hii ni stesheni ya London. Wanasema huko bado wanatumia injini za moshi, na hawajaona kitu cha kuzishinda."

Ilitoka hivyo tu, Mama. Sikuipanga. Nilifikiria ni uongo mdogo wa kumfurahisha mtu kabla ya chai.

Lakini mfukoni alikuwa na fomu. Mafaiaman na madereva wote walikuwa wamepewa, yule anayetaka kusomea dizeli aandike jina. Masomo ni ya Kiingereza, kwa hivyo alikuwa ameniomba nimsaidie kuijaza siku hiyo hiyo. Kalamu ilikuwa tayari mezani. Mjomba akaitoa ile fomu, akaitazama, akaitazama tena picha.

"Kama London wenyewe bado wanawasha moto, sisi tunakimbilia wapi?" akasema. "Wacha Karanja aende akasome. Watamrudisha kwangu mbio."

Karanja ndiye dereva wake wa miaka mingi. Mjomba akaikunja fomu mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza, ule mfupi. Meza ikaacha kutingika. Iko hapo mpaka sasa. Ninaandikia juu ya hiyo meza.

Fomu zilikuwa zirudishwe Jumatatu ya wiki iliyofuata. Siku nane. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, kila jioni nikasema kesho. Nilikuwa namwona anaimba akinyoa ndevu. Picha alikuwa ameibandika ukutani kwa ugali, juu ya kitanda chao. Wageni wakija anawaonyesha. "Huyu msichana amenisomea." Halafu wote wananigeukia, na mimi najifanya naangalia jiko.

Najaribu kujiambia kwamba angekataa hata kama ningemsomea ukweli. Anti husema Mjomba haogopi dizeli, anaogopa kuketi darasani na vijana wamcheke Kiingereza chake. Labda. Lakini kama ni kukataa, angekataa mwenyewe. Mimi nilikataa kwa niaba yake.

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku yake ya mwisho. Shule tulikuwa tumetoka mapema, akaniambia twende nimsaidie kubeba vitu vyake. Ni kidogo tu: koti, bakuli la chakula, birika, na kile kitambaa cha kushikia vyuma vya moto. Stesheni ya Nairobi ilikuwa imejaa watu wa treni ya Kisumu, magunia, kuku, mtoto analia ametapika. Injini yake ilikuwa imesimama kando. Ni ile kubwa, yenye jina la mlima. Nilizoea kuiona ikipumua. Siku hiyo haikutoa hata mvuke wa birika. Dizeli ilikuja kinyumenyume, ikagonga, wakaifunga, ikavutwa kwenda karakana. Mjomba aliweka mkono ubavuni mwake ilipokuwa inaanza kusonga, akatembea nayo hatua kama sita hivi, halafu akautoa mkono.

"Ni baridi," akaniambia. "Sijawahi kuigusa ikiwa baridi."

Aliyekuwa kwa dizeli ni Karanja. Akaifikisha injini karakana, akarudi kwetu kwa miguu, shati jeupe, hana hata doa.

"Jaluo," akamwambia Mjomba, "si nilikuambia wewe na moto mtazikwa pamoja?"

"Na wewe mbona unavaa kama karani? Unaendesha treni ama unaandika barua?"

Wakacheka, wakashikana mikono muda mrefu. Halafu Karanja akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini ndugu yangu, kwa nini hukuandika jina? Tungekaa darasa moja. Mimi pia sikuwa najua kitu."

Mjomba akatoa picha mfukoni. Alikuwa ameibandua asubuhi hiyo, kona moja imeraruka. "Soma mwenyewe. London bado wanatumia moshi. Huyu okewo wangu alinisomea. Hawa wakubwa wetu ndio wana haraka."

Karanja anasoma Kiingereza, si sana, lakini anasoma. Nilimwona macho yake yakienda kwa maandishi. Yakarudi mwanzo, yakaenda tena. Halafu akaniangalia. Mama, nilitaka ardhi ifunguke. Nilingoja aseme. Nusu yangu ilikuwa inamwomba aseme.

Akaikunja picha vizuri, akamrudishia.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Wameandika hivyo."

Mjomba alipoenda kuaga wenzake karakana, Karanja akainama karibu yangu. "Mimi nimedanganya mara moja, kwa ajili yako," akasema. "Sitarudia. Hii sasa ni yako, ubebe." Hakuniambia kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Tulirudi kwa miguu. Mjomba alibeba birika mwenyewe. Tulipofika hapa nyuma ya plot, treni ya Kisumu ikapita, na mtoto mmoja mdogo ambaye hajui mambo akapiga kelele, "Baba Awuor!" akipungia dirisha. Mjomba alikuwa amesimama pale pale nyuma yake.

Sasa sababu ya kuandika leo ni hii. Jana alipokuwa anapanga nguo aliiweka picha ndani ya Biblia ili isijikunje. Akasema Jumapili ijayo, watu wakitoka kanisani huko nyumbani, atampa mwalimu wa shule yenu aisome mbele ya wazee, wajue hakufukuzwa kwa ujinga, kwamba hata London watu kama yeye bado wako kazini. Mwalimu ataisoma, Mama. Ataisoma yote, na hana sababu ya kuficha. Na Mjomba atakuwa amesimama hapo na kofia mkononi.

Siwezi kumwacha asikie hivyo. Na kumwambia kwa mdomo nimeshindwa, leo asubuhi pia nimeshindwa, nilimpelekea chai nikasimama, akauliza, "Unataka sukari?" nikasema ndiyo.

Yuko hapa nje anafunga sanduku kwa kamba. Ameniuliza kwa mlango, "Okewo, hiyo ni barua ama unaandika Biblia mpya?" Nimemwambia ninamaliza.

Nisalimie Nyanya, umwambie soksi alizonifumia bado nazivaa. Nisalimie ndugu yangu Ouma, asiuze vitabu vyangu vya zamani. Nisalimie jirani yetu Min Apiyo anayekusaidia na maji. Mimi na Anti na Awuor tutabaki hapa mpaka shule zifungwe.

Bahasha sitaifunga. Kiingereza ndicho kilimshinda Mjomba, Kiswahili anakisoma vizuri kuliko mimi, na treni ya Kisumu ni ya usiku kucha, na atakuwa amekaa kwa benchi kama abiria kwa mara ya kwanza, bila kitu cha kufanya na mikono. Nikimpa nitamwambia, "Mjomba, sijaifunga." Hayo ni maneno mawili tu. Hayo naweza.

Ikikufikia imefungwa, Mama, ujue ni yeye ameifunga, na usimuulize kitu, mwekee tu maji ya kuoga. Ikikufikia wazi, tafadhali msomee wewe, kabla ya Jumapili.

Ni mimi binti yako,
Akinyi