Mbuzi wa Karatasi Namba Saba

Jumanne, 3 Machi 1998

Amekwenda tena. Kila Jumanne, magharibi ikishaswaliwa, Mama Salim hujifukiza udi, akavaa koti, akateremka. Ati darasani. Udi kwa darasa la Kiurdu. Zamani udi huo ulikuwa wangu, siku hizi naunusa mlangoni tu ukitoka.

Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake kwa Kiurdu. Kwangu ni lugha ya mama, yeye Mswahili wa Mombasa. Sinema namweleza mimi. Harusini namweleza mimi. Salim kaoa binti wa Karachi, sasa bibi ataka kusema na mkwe wake mwenyewe, na kumwandikia. Nikamwambia mwalimu unaye nyumbani. Akasema, "Wewe wapiga kelele tu, Baba Salim. Herufi zenyewe huzijui."

Kweli sizijui. Lakini kuongea, hapa Kenton, Landani nzima hii, hakuna wa kunishinda.

Mwalimu mwenyewe ni Anwar, wa Nairobi. Kafiwa na mke. Viatu vyamng'aa.

Jumanne, 10 Machi

Karatasi yake imerudi na wino mwekundu. Pembeni sentensi ndefu. Nikauliza kaandika nini huyo. "Ati mwandiko wangu mzuri kuliko wote." Alikuwa akitabasamu na karatasi, si na mimi.

Nimekasirika. Sikula. Baadaye nilikula.

Wiki ijayo mtihani. Akipita anaingia darasa la pili, Jumanne na Alhamisi. Udi mara mbili. Sitaki.

Alhamisi, 12 Machi

Anwar kanipigia simu, anataka mtu wa kusikiliza. Wanafunzi watafasiri kisa cha Kiurdu kwa Kiswahili, maana wote ni akina mama wa kwetu. Insha za Kiurdu huzisahihisha mwenyewe. Tafsiri hapana. Tafsiri humsomea mtu asiyekijua kile kisa, aseme kimemwingia au hakikumwingia, atoe maksi juu ya kumi. Karatasi zina namba, majina anayo yeye. "Mzee Bashir, Kiswahili chako hakuna mfano hapa." Hapo kasema kweli.

Nimekubali. Nina sababu yangu. Mimi nilikuwa fundi wa magari, Mombasa nzima wananijua. Injini ikikohoa mbali, nasema hilo gari la fulani, kabla halijakata kona. Mke wangu ndiye nitakayeshindwa kumjua kwa masikio? Nikimjua nampa mbili. Atakaa nyumbani.

Yeye hajui kama ni mimi msikilizaji. Anwar kaniomba ninyamaze. Nimenyamaza, na kunyamaza si kazi yangu.

Jumatano, 18 Machi

Jana wamefanya mtihani. Leo nimekaa na Anwar ukumbini, hita yanguruma, yeye anasoma. Kisa kimoja, karatasi baada ya karatasi. Bibi kizee anamuuza mbuzi aliyemlea mwenyewe.

Namba nne nikamjua hapo hapo. "Basi hapo ndipo," kila mstari, vile vile Mama Salim akisimulia habari za dukani. Nikasema mbili. Anwar akaniangalia juu ya miwani.

"Mbili, Mzee?"

"Sikuelewa kitu."

Nilielewa yote.

Namba saba ilikuwa kitu kingine. Mbuzi anavutwa kamba na mnunuzi. Akageuka, akamtazama yule bibi kama anayeuliza, mbona wewe huji. Nikapenga kamasi. Baridi ya Landani hii. Nikatoa kumi. Nikasema moyoni, huyu ndiye msomi, si hao wa kujifukiza.

Alhamisi, 19 Machi

Majina yametoka. Namba saba ni Mama Salim. Namba nne ni Mama Nasra wa ghorofa ya chini, kila siku wako pamoja, mpaka wanasema namna moja. Ataurudia mtihani. Nimemsikia akilia ngazini.

Mke wangu amepika biriani. Anaimba. Nimemtia darasa la pili kwa mdomo wangu mwenyewe.

Masikio yangu mazima, nisisingizie masikio. Sikujua kama ana maneno yale. Alikuwa ameyaweka wapi, na mimi niko humu humu ndani? Pengine hakupata nafasi, maana msemaji ni mimi. Na Anwar ameyasoma kabla yangu. Hilo ndilo laniuma. Udi si kitu.

Ijumaa, 20 Machi

Baada ya swala nimemfuata Anwar. Nikamwambia ile hita ilinizuia, anisomee namba nne tena. Hakubisha. Akasoma. Nikampa saba. Ningempa nane, lakini ile "basi hapo ndipo" yachosha.

Akasema, "Mzee, njoo na wewe Jumanne. Herufi ni kazi ya wiki chache." Nikamwambia mimi mtu wa shughuli.

Sina shughuli.

Jumanne, 24 Machi

Manyunyu. Udi nyumba nzima. Mama Nasra kaja kumpitia, wameteremka wakicheka. Nikasimama dirishani, ndipo pangu siku hizi.

Alipofika getini Mama Salim akageuka, akatazama juu. Hakupunga mkono. Mama Nasra keshatangulia, yeye bado amesimama kwenye manyunyu.

Nikavaa koti.