Shaba Iliyolala na Shaba Inayotembea

Jumamosi, Soweto, Moshi. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika, na mimi nimerudi kutoka Marangu na matope hadi magotini. Nina hasira. Sijutii.

Mwezi uliopita kaka yangu Elia alichota udongo wa kihamba chetu cha Marangu, shamba la ukoo, pale kwenye migomba na kahawa alipozikwa Baba, akaupeleka kupimwa. Majibu: shaba imezidi mno. Tangu hapo wimbo wake ni mmoja. Ardhi ni sumu, tuuze, Mama ahamie mjini. Mama akaanza kukosa usingizi.

Shaba ipo, sibishi. Baba alipulizia kahawa mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba, tangu sijazaliwa, mpaka kucha zake zikawa za buluu. Lakini kupima udongo ndiyo kazi yangu, nikamuuliza Elia alichota wapi.

“Pale kwenye pipa.”

Penye pipa! Ndipo Baba alipochanganyia dawa na kuoshea bomba miaka yote. Ni kama kuonja mchuzi kwa kulamba kopo la chumvi.

Nikachota upya, kutoka juu hadi kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Wale waliompimia Elia walitumia asidi kali inayong'oa kila kitu, na mgomba haunywi asidi. Mimi nilitikisa udongo kwenye maji yenye chumvi kidogo, nikachuja, nikapima shaba iliyokubali kuachia. Chini ya migomba, karibu shaba yote imelala. Samadi ya ng'ombe wa Mama na majivu ya jiko lake vimeishika haswa.

Ila penye pipa inatembea. Inateremka kuelekea magimbi ya Mama kando ya mfongo.

Niliogopa. Ningeweza kulifunika hilo ili nimshinde Elia, na wazo lilinijia, lakini leo nimewaambia wote wawili, palepale shambani.

Elia akacheka. “Si umeona? Halafu wewe umeolewa, kihamba kinakuhusu nini?”

Niliumia. Nilikata matawi ya isale, mmea wetu wa mipaka na wa kuombana amani, nikayapanda kuzunguka pale penye pipa.

“Ugonjwa unaishia hapa,” nikasema. “Huwezi kuuza mtu mzima kwa sababu ya kidonda cha mguu.”

Mama alikuwa ameshainama, anang'oa magimbi yake mwenyewe. Nimemwambia asiyale mpaka niyapime. Alipomaliza akajaza karai samadi, akamsogezea Elia.

“Beba, baba. Mwaga pale alipoonyesha dada yako.”

Akabeba. Alinuna, lakini akabeba.

Masika yakiisha nitapima tena. Shaba ikiwa bado inatembea, nitasema. Ikiwa imelala, nitasema kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya ukoo mzima, mimi binti niliyeolewa.

Kihamba hakiuzwi.