Miavuli Yenye Kiraka

Jumanne, 5 Novemba

Asubuhi nimemwagia maji mwavuli wangu wa tatu, hii mikubwa ya meza za nje yenye taa. Mpira wa bustani, moja kwa moja kichwani, mpaka jirani akachungulia uani kuona ninaosha nini. Taa hazikuzima. Hatimaye.

Dawa ilikuwa kitobo. Kitobo kimoja tu chini ya kofia, kule juu kabisa ilipokaa sola. Mwavuli wa kwanza haukuwa nacho. Hapa Rau haukusumbua, jua la Moshi linakausha kila kitu. Nilipoulaza nje kwa mama kule Mwika, kofia ikajaa ukungu, na asubuhi ilikuwa na maji kama kikombe. Taa zote kimya. Nimehangaika na jambo hilo miezi, kumbe linataka tundu la msumari. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Bi Zainabu, fundi wangu, amemaliza kushona njia za waya kwenye mbavu. Mishono imenyooka. Mwavuli wa kwanza kitambaa kilitupungukia, akatia kiraka cha pembetatu upande mmoja, karibu na pindo. Hakipendi kile kiraka mpaka leo. Anakiita aibu yake.

Taa zangu zinatazama juu. Mwanga unagonga kitambaa cheupe, unarudi mezani umepoa. Wadudu wanabaki huko juu, hawaangukii kwenye supu ya mtu. Miavuli ilikuwepo, taa zilikuwepo. Kuzigeuza zitazame juu ni wazo langu, na sina lingine kubwa kama hilo maishani.

Kaka Godlisten bado hajaleta jibu la ile hoteli ya Marangu. Mwavuli wa kwanza anao yeye. Niliukausha, ukawaka, akasema kwa kuonyesha unatosha. Nilimwambia bado una kasoro. Alikuwa kwenye simu.

Ijumaa, 8 Novemba

Godlisten hapokei.

Ni mkubwa wangu, tumefuatana. Baba alikuwa akisema huyu nimempa ulimi na yule nimempa mikono. Watu walicheka. Mimi niliona ni mgawanyo mzuri, kwa sababu nilikuwa mdogo na sijui lolote. Sasa ninajua mwenye ulimi hula kwanza.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepanda Marangu mwenyewe. Afadhali nisingeenda.

Bustani ya ile hoteli imejaa miavuli yangu. Safu nzima, mpaka kwenye migomba. Rangi ya maziwa, mbavu zilezile, kofia ileile. Kwenye pindo lebo ndogo: Godlisten. Jina tu, kama la shati.

Nikaagiza chai. Nilikaa chini ya wazo langu kama mgeni na nikalipia chai. Mhudumu akaniona ninatazama juu. Akasema, kwa furaha kabisa, "Imebuniwa na Bwana Godlisten, dada. Mtu wa hapahapa kwetu." Nikamwambia hongereni.

Halafu nikakiona. Pembetatu, karibu na pindo. Nikatazama mwavuli wa jirani. Nao unacho. Nikainuka, nikazunguka bustani yote na kikombe mkononi. Kila mwavuli una kiraka. Mafundi wake wameufumua mwavuli wetu wa kwanza, wakauiga kama ulivyo, na kiraka wakadhani ni urembo.

Kofia zote hazina kitobo.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemweleza Bi Zainabu habari ya kiraka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. Aibu yake imekuwa mtindo. Kisha akarudi kwenye cherehani, na bila kunitazama akauliza kama nitamwambia kaka yangu kuhusu maji.

Nikasema hapana.

"Dada Aikande, huyo ni ndugu yako."

Nikasema ndiyo maana.

Jumapili, 17 Novemba

Mama amepiga baada ya ibada. Shukrani yake ya miaka sabini itakuwa tarehe ishirini na nane Desemba, watu wote watakuwa wamerudi nyumbani. Na Godlisten ataleta miavuli yake yenye taa. Mama anaitamka polepole, ili aisikie vizuri mwenyewe. Miavuli. Yenye. Taa. Anasema baba yenu angeiona. Anasema, nawe mwanangu umsaidie kaka yako, si unajua kushona.

Nimesema ndiyo mama. Nikakata simu, nikapiga teke ndoo.

Jioni Godlisten akapokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Yeye hakukanusha hata kidogo. Anasema ukoo ni mmoja, jina la nani linakaa kwenye pindo si hoja, wateja wanataka mtu wa kuongea naye. Anasema angeniambia. Anasema usiwe na roho hiyo, Aikande. Roho hiyo. Mwizi wa kuku anamkanya mwenye kuku asipige kelele.

Ninamchukia. Nimeiandika ili nione ikoje. Iko sawasawa.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua kubwa mlimani tangu jana. Nimefurahi. Sijivunii, lakini nimefurahi.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepeleka mwavuli wa tatu kwenye mikahawa miwili hapa mjini. Wa kwanza wanasema wameshaona kitu kama hicho Marangu, kwani mimi ni wakala wake? Wa pili wanasema ni mzuri ila wanataka ule wenye urembo wa pembetatu.

Sikumwambia Bi Zainabu. Angekufa kwa kucheka na mimi ningebaki bila fundi.

Jumanne, 10 Desemba

Leo amenipigia yeye. Sauti ya asali. Taa za hotelini zinazimika. Wanazianika, zinawaka, ukungu ukija zinazimika tena. Hoteli wananung'unika. Akaniuliza nadhani ni nini.

Nilikuwa nimekaa na mwavuli wa tatu mbele yangu. Kitobo nilikuwa ninakiona. Ningeweza kukitaja kwa neno moja na akakata simu akiwa ameshapona.

Nikamwambia labda betri.

Akashukuru. Akasema anajua ningemsaidia, damu ni nzito. Atabadilisha betri zote kabla ya shughuli ya mama.

Bi Zainabu alikuwepo. Alifunika cherehani, akaaga mapema.

Jumamosi, 21 Desemba

Wachagga wamerudi. Mji mzima magari ya Dar, huwezi kuvuka barabara. Nimepanda Mwika na mtungi wa gesi na kitenge cha mama.

Nyumbani kila mtu ana habari za Godlisten. Mama mdogo ananiuliza, tukimenya ndizi za mtori, kama bado ninashonashona huko Rau. Nikasema bado. Akasema nimshike kaka yangu, atanitoa. Nilimenya ndizi nyingi sana.

Mama amenipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha alipopachagua pa shughuli. Palepale kwenye majani mbele ya kaburi la baba. Anataka akae chini ya mwavuli wa katikati. Gauni lake jipya limetundikwa chumbani, la zambarau, bado lina karatasi ya fundi. Aliligusa kwa nyuma ya mkono ili asilichafue.

Ningeweza kusema hapo. Tulikuwa wawili tu.

Jumamosi, 28 Desemba

Ninaandikia jikoni kwa mama.

Ibada ilienda vizuri. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikakatwa, pombe ya mbege ikazunguka. Jua lilipoanza kulala Godlisten akabonyeza swichi, na miavuli yote ikawaka pamoja. Watu walisema oo. Ilikuwa vizuri. Ilikuwa vilevile nilivyoiona kichwani mara ya kwanza, nyuso za watu laini, hakuna anayekunja macho. Baba mdogo akasimama akampongeza Godlisten kwa niaba ya ukoo. Makofi. Nikapiga makofi.

Kisha ukungu ukashuka kutoka juu, unavyoshuka siku zote, na mvua ndogo ndani yake. Wa kwanza ukazimika kule kwa vijana. Wakashangilia, wakadhani ni mchezo. Wa pili. Wa tatu. Nilikuwa nimeingoja saa hii tangu Novemba na sitadanganya hapa: ilikuwa tamu. Kwa kitambo ilikuwa tamu kuliko ndafu.

Wa mama ukabaki mwisho. Kofia ikazidiwa, maji yakateremka ndani kwa njia ya waya kwenye ubavu, yakapata njia kwenye mshono wa kiraka, yakamwagika. Begani kwake. Kwenye gauni. Umeme wake ni mdogo, haumdhuru mtu. Lakini mama hakuinuka. Alikaa palepale na maji yanamchuruzika, anatazama juu, anasubiri taa iwake tena. Ameamini itawaka. Mwanawe ndiye aliyeitengeneza.

Utamu wote uliniishia hapo.

Godlisten akashika kipaza sauti. Akasema msinilaumu mimi, ndugu zangu, hii kazi ni ya Aikande.

Miezi yote hiyo. Na siku anapotaja jina langu ni hiyo.

Nikaenda nikachukua kipaza. Sikumbuki yote. Najua nilisema habari ya kiraka, nikamwambia Godlisten awaeleze watu kiraka kile kina kazi gani. Hakuweza. Nikaenda kwenye kila mwavuli nikikionyesha, kiraka, kiraka, kiraka. Hakuna aliyecheka. Mama mdogo alimfunika mama kanga, akamwingiza ndani.

Habari ya kitobo sikuisema.

Jumatatu, 30 Desemba

Wazee wamekaa. Wamemwona Godlisten na kosa. Baba mdogo aliniuliza kama nina neno. Nikasema sina.

Jumanne, 31 Desemba

Godlisten amekuja na isale, jani la kuombea radhi.

Nilijua atakuja, na nilikuwa nimeapa sitapokea. Maneno mepesi. Huku kwetu mtu akikuletea isale huwezi kujibu hapana, hata kama amekuulia ng'ombe. Bibi alipokea isale la watu waliomchomea nyumba. Majani mabichi tu, na yanakufunga mikono.

Alikuja na baba mdogo mbele, yeye nyuma, kichwa chini. Hajawahi kufanya jambo hili, ilionekana. Linatakiwa jani, limefungwa fundo. Yeye amekata shina zima, na majani yake yote juu, kama mtu aliyetumwa kuleta kuni. Baba mdogo alikohoa ili asicheke. Nikalitazama vizuri. Nikaona mkato wa zamani pembeni yake, ule wa panga langu. Ni la kwenye ua wangu wa Rau. Alipita kwangu kwanza, sikuwepo, akakata.

Hata isale la kuniombea radhi amelichukua kwangu.

Nilipokea kwa mikono miwili. Mama alikuwa mlangoni. Nikasema yamekwisha. Godlisten akalia, machozi ya kweli. Mimi nilikuwa mkavu kama ganda la kahawa.

Jumatano, 15 Januari

Godlisten ameleta miavuli yote Rau, ya hoteli na ya shughuli, imefungwa juu ya gari. Ameng'oa lebo mwenyewe. Hoteli wameambiwa ni ya nani. Wanataka itengenezwe kwanza, ndipo waone.

Bi Zainabu aliuliza afumue viraka. Nikamwambia aache. Vikae hapo.

Jumatatu, 20 Januari

Drili tangu asubuhi. Kitobo kinachukua muda mdogo kuliko kufungua kofia. Kila ninapotoboa ninasikia ile sauti yangu kwenye simu. Labda betri. Nilimjibu kwa upole kabisa, kama daktari.

Wazee walimhukumu mtu mmoja kwa sababu waliambiwa kosa moja.

Gauni la mama halijatakata. Amesema kwenye simu, kwa kucheka, kwamba zambarau ile ilichuja begani, atalivaa na mtandio juu. Hajui. Anadhani sote wawili tulidanganywa na mvua.

Alhamisi, 30 Januari

Jua kali. Nimewasha miavuli yote uani na kuimwagia maji. Hakuna uliozimika. Bi Zainabu alileta chai ya tangawizi, tukakaa chini ya mmoja. Nikamwambia Jumapili ninapanda Mwika. Akasema vizuri.

Lile shina la isale nililitia kwenye chupa ya maji dirishani siku ile niliporudi, nikitaka life mbele ya macho yangu. Halikufa. Limetoa mizizi, myeupe, myembamba. Kumbe ujinga wake wa kukata shina zima ndio uliolifaa. Jani peke yake lingekwisha kuoza.

Kaka sijamsamehe. Nimesema yamekwisha na nitalishika neno langu, lakini moyoni bado.

Jioni nimekata jani moja, la juu. Nimelifunga fundo, mara ya kwanza likalegea, nikalifunga tena. Hili ni la mama.