Sufuria Lako Limefika Malvern

Malvern, Toronto

Bibi yangu, shikamoo. Kabla ya yote niambie miguu inaendeleaje, na kama bado unaamka kuchochea moto kabla jogoo hajawika. Sisi wazima. Baridi ya huku ukiiweka karibu na ya Njombe, ya Njombe ni mtoto mchanga.

Baba ameniagiza niandike mimi, eti mke mwenza hanyimwi kitu. Anataka nikubembeleze uje ukae nasi, maana tangu mume wetu Babu atutoke unalala peke yako. Najua ulishamjibu kwamba huwezi kuishi nyumba isiyo na moto wa kuota. Basi sikia alichofanya.

Nyumba yetu hupashwa joto na maji ya moto yanayopita kwenye mabomba chini ya sakafu. Baba alikutengea chumba cha chini, akafunga mabomba ya vyumba vingine ili ajaribu chako. Boila, ile mashine inayochemsha hayo maji, ikawa inawaka, inazima, inawaka tena, kutwa nzima, kama mtu mwenye kwikwi. Fundi akasema boila ni kubwa na chumba ni kidogo. Maji yanapata moto upesi kabla sakafu haijayanywa. Tuongeze tangi la akiba: boila ilipashe, ipumzike, sakafu ichote humo polepole.

Mama akakataa. Tangi lilitakiwa kukaa stoo, na stoo ndimo alimoweka unga wake na kinu alichobebana nacho kutoka nyumbani. "Pipa la maji, nyumba yenye mabomba kila kona? Huyo fundi anatuona washamba." Baba akaeleza weee, akachoka.

Unanijua, Bibi, mimi siongei. Shuleni mwalimu akiuliza najibu moyoni. Kiingereza kikifika mdomoni, mwenzangu ameshajibu. Lakini walipokuwa wakibishana nikaliona jiko lako: lile sufuria jeusi lisiloshuka mafigani, moto umebaki makaa tu, na bado kila anayeamka anakuta maji ya kunawa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mama, si lile sufuria la Bibi?"

Mama akacheka kidogo, akasema, "Ukichota kopo, rudisha kopo," vilevile unavyotukaripia wewe. Akakikumbatia kinu chake, akakihamishia chini ya ngazi.

Sasa tangi limefungwa, boila imetulia. Ninaandika nikiwa chumbani kwako, miguu mitupu sakafuni. Pana joto. Ila hapanuki moshi, Bibi, wala hakuna viazi majivuni.

Baba mdogo, najua ndiwe unayemsomea, hapa usiruke. Bibi, hilo neno la kopo halinitoki. Kwako alichotwa baba, tukafuata mama na mimi, na hakuna aliyerudishwa. Nimemwambia baba, kwa mdomo wangu huu, kwamba ukikataa sitakubembeleza. Likizo ndefu nije mimi. Alinitazama sana, kisha akasema, "Mwandikie hivyohivyo."

Basi nimeandika. Chumba kipo, kina joto. Ama uje, ama uniachie nafasi kitandani, upande wa ukutani.

Nisalimie baba mdogo na mkewe, shangazi wa cherehani, na yule mama jirani anayekuja kuomba kaa la moto kila asubuhi. Mwambie asiache kuja.

Ni mimi, mke mwenzio asiye na maneno, ambaye leo yamemtoka,
Tumaini